Nani Alichukua Tiketi?

Nadège alinipigia simu kutoka Uingereza kuniambia kwamba mama yake amefariki. Aliyaeleza mambo kwa mpangilio, kama mtu aliyekwisha kuyasema kwa wengi siku hiyo: Mama Odette alilala Pietermaritzburg nyumbani kwa mwanawe wa mwisho na hakuamka, maziko yatakuwa Jumamosi huko huko, wao watafika Durban Ijumaa na kukodi gari uwanja wa ndege. Wangenipitia Umbilo twende pamoja. "Lakini utakaa nyuma na mimi, Yaya Njeri," alisema. "Kile kiti cha mbele, cha kushoto, iko na mwenyewe." Nikasema sawa. Tulipomaliza nilibaki nimeishika simu, kwa sababu duniani hawafiki hata watu watano ambao wangeelewa kwamba huo ulikuwa mzaha, na kwamba mzaha wenyewe ulinilenga mimi.

Mwaka ninaoukumbuka ni 2012. Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili na nilikuwa nimepanga veranda ya Mama Odette, mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Katika fleti za zamani za Umbilo, hasa zile zinazopanda kuelekea Glenwood, veranda nyingi zilizibwa kwa vioo, na mwenye nyumba mwenye akili huifanya chumba cha mpangaji. Yangu ilikuwa ndefu na nyembamba kama behewa la treni, kitanda mwisho huu, meza mwisho ule, na asubuhi jua lilinifikia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Kati yangu na sebule palikuwa na mlango ambao kioo chake cha chini kilivunjika zamani na kuzibwa kwa ubao mwembamba. Ubao ule haukuzuia kitu. Nilisikia maombi, ugomvi, kijiko kikigonga sufuria, na Mama Odette akipiga hesabu za samaki wake wa kukaushwa kwa Kifaransa, lugha aliyoitumia kwa hesabu tu. Kabla ya kuja Durban nilikuwa nimefanya kazi kwenye gazeti moja Nairobi, nikiripoti habari za mahakamani, na kazi ile iliniachia tabia ambayo haijanitoka mpaka leo. Mtu akisimulia jambo, sishughuliki sana na maneno yake. Najiuliza wakati jambo linatokea alikuwa amesimama wapi.

Nyumba ile ilinifaa, maana hata bila mimi ilikuwa nyumba ya kushuku. Mama Odette alikuwa na njia yake: swali moja alikuuliza mara tatu, katika siku tofauti, akiwa anafanya shughuli nyingine. Mimi aliniuliza kama nina mume akiwa anakamua ndimu, akaniuliza tena akianika nguo, na mara ya tatu aliuliza kwa kuzunguka, kama mume wangu anapenda samaki. Nilipojibu mara zote tatu kwamba sina, ndipo alipoanza kuniita Kenya, kama kwamba nimeingia nyumbani kwake na nchi nzima, na kuniita mezani siku za Jumapili. Kaka yake mdogo, Tonton Silas, alikuja Jumapili hizo kutoka Jacobs, alikofanya kazi katika kiwanda cha rangi, na mikono yake iliyosuguliwa ilinukia mafuta ya taa hata juu ya fufu, ugali wao wa muhogo. Yeye alishuku serikali, polisi, kampuni za simu na mchungaji. Nadège, binti wa nyumba, alisuka nywele katika saluni moja Umbilo Road. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na ndiye peke yake aliyekuwa akiwaamini watu. Ndiye aliyeniita yaya. Kwao yaya ni dada mkubwa, kwetu ni mtu anayelipwa kulea watoto wa wengine, na wiki ya kwanza nilidhani ananitania.

Mchumba wake, Trésor, aliishi Uingereza na kuendesha gari la kusambaza vifurushi. Alikuwa amekuja Durban Krismasi iliyotangulia kwa wiki mbili, akala sombe ya majani ya muhogo na makayabu, samaki wa chumvi, mezani pale mpaka akalegeza mshipi, akaimba na kwaya, akatengeneza bomba la jikoni. Sikumwona, nilikuwa Nairobi. Nilimkuta katika hadithi, ambako kila mtu alimsifu kwa namna yake. Sharti la Mama Odette lilikuwa moja na kila mtu kanisani alilijua: binti yake hataolewa na mwanamume mwenye mtoto. Alikwisha kumrudisha mmoja, fundi wa simu, mtu mwenye adabu, kwa sababu hiyo. "Mtoto hakuji na posta," alisema. "Ukiona mtoto, kuna mama nyuma yake, na huyo mama iko anakuangalia." Trésor aliulizwa mara tatu, kwa ndimu, kwa nguo na kwa kuzunguka, na mara zote tatu alijibu kwamba hana. Kilichobaki ni baba yake mdogo, aliyekuwa mahali pa baba, anayeishi pembeni mwa Paris. Huyo akikubali, mahari ingetumwa, na Nadège angeanza safari ya Uingereza. Wakati huohuo mwenye saluni, mama mmoja wa Kinshasa aliyechoka kusimama, alikuwa amempa Nadège nafasi ya kuwa mbia wake, na alitaka jibu kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo ilikuwa ama saluni ama ndoa. Akiiacha saluni halafu ndoa ikawa na mwanamke mwingine ndani yake, angejikuta katika nchi asiyomjua mtu, bila kiti cha kurudia.

Mwezi wa saba Trésor akaenda Paris kwa gari. Jumapili baada ya kurudi kwake alipiga simu wakati wa chakula, kama ilivyokuwa kawaida yake, na simu ikawekwa ndani ya bakuli tupu la bati ili sauti ipande. Ilikuwa baridi ile ya Durban ambayo wenyeji huiita baridi. Madirisha yalifungwa, mvuke wa ugali wa muhogo ulikaa kwenye vioo, na sauti yake ilitoka bakulini ikiwa na mwangwi kidogo, kama mtu anayezungumza akiwa kisimani.

"Baba mdogo amekubali," alisema, na palikuwa na vigelegele ambavyo jirani wa chini alivijibu kwa kugonga dari lake.

Kisha Mama Odette akataka safari yote, tangu mlangoni. Trésor alijua kusimulia. Alieleza foleni ya Dover na feri, watu wakinywa chai juu huku magari yamefungwa chini. Alieleza vibandiko alivyovitia kwenye taa kubwa za gari, kwa sababu taa za Uingereza hutazama kushoto, na ng'ambo zingewapiga machoni wanaokuja. Alieleza vile ukishuka kwenye feri kila mtu anahamia mkono wa kulia, na rond-point ya kwanza, ule mzunguko wa barabara, inakuzungusha upande ambao mwili haujui, mpaka unasema barabara kwa sauti, kulia, kulia, kulia, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Alibeba pembetatu nyekundu ya kuweka barabarani gari likiharibika, alibeba kizibao cha kung'aa, na kwa kuwa ndiyo sheria mpya ya Ufaransa mwaka ule, alibeba kifaa cha kupulizia ili kupima pombe.

"Kifaa ya pombe?" Mama Odette aliweka tonge chini. "Mtu wa kwaya anatembea na kifaa ya pombe juu ya nini?"

"Ni sheria, Mama. Kila gari ikuwe nayo."

"Sheria inajua watu wake."

"Odette, mwache mkwe aongee," Tonton Silas alisema. "Na polisi ya kule, hawakuuliza kitu?"

"Waliangalia passeport, basi."

Tonton Silas alinitazama mimi kama anayeniambia niandike hilo.

"Ulikuwa na nani ndani ya gari?" Mama Odette aliuliza. Niliona kwamba aliuliza akiwa anamtolea mwanawe wa mwisho, aliyekuwa bado shuleni, miiba ya samaki.

"Peke yangu, Mama. Mimi na Yesu."

"Amen," tulisema sote, hata mimi.

Baada ya hapo akafika kwenye péage, kituo cha kulipia barabara. Mvua ilikuwa inapiga sana, alisema, mpaka vifuta kioo vinashindwa. Unakaribia, mashine inatoa tiketi, barrière inapanda, unaenda zako, na kulipa ni huko mbele, kulingana na umbali. "Gari haikusimama vizuri hata, tiketi iko ndani," alisema. "Wengine nyuma walikuwa banashuka, banalowa, banakimbia. Mimi hata tone moja." Tonton Silas akapiga meza kwa furaha, kwa sababu alipenda habari ya mtu kushinda mashine. Mazungumzo yakahamia kwenye vyakula vya baba mdogo.

Nimeifikiria meza ile mara nyingi. Nadhani kila mmoja wao, neno péage lilipotajwa, aliona gari moja kichwani: lile la utotoni mwao Bukavu, usukani kushoto, dereva kiwiko dirishani. Walikuwa wamekaa Durban miaka, wanapanda kila siku teksi ambazo dereva anakaa kulia, lakini neno lile lilikuwa la nyumbani na liliwarudisha nyumbani. Mimi sikuwa na kisingizio hicho, kwetu usukani uko kulia siku zote, na bado sikuona kitu. Nilihisi tu kwamba katika hadithi ile kuna mahali ambapo pamepigwa pasi sana. Jumatatu nilikwenda maktaba ya chuo, na badala ya kusoma nilichokwenda kusoma, nilitafuta kanuni za madereva wanaotoka Uingereza kwenda Ufaransa. Vibandiko vya taa, kweli. Pembetatu, kizibao, kifaa cha kupulizia, kweli. Kila nilichokigonga kiliitika. Mtu mwingine angetulia. Mimi nilizidi kuwa na wasiwasi, kwa sababu mahakamani nilikuwa nimewaona mashahidi wa namna hiyo, ambao kila kitu chao ni kweli kasoro kimoja, na hicho kimoja ndicho kilichowaleta.

Kilinijia siku ya Alhamisi, nikiwa sitafuti. Bwana Kiprono, mhadhiri kutoka Kericho, alikuwa akinibeba kila Alhamisi kwenda kampasi ya Pietermaritzburg, yeye kufundisha na mimi kumsaidia darasa moja, na barabara ile ina kituo cha kulipia Mariannhill, ukishaipita Pinetown. Alikuwa na ibada yake pale: anapunguza mwendo, analalamika kwamba ameinunua barabara hii mara kumi, anashusha kioo chake, anatoa mkono wa kulia, anapokea chenji, anasema asante kwa Kizulu kibovu. Mimi nilikaa kushoto na dirisha langu limefungwa. Upande wangu hapakuwa na mtu wala kitu, isipokuwa mgongo wa kibanda cha njia ya pili. Nikautazama mgongo ule. Halafu nikamuuliza, gari hili lingekuwa Ufaransa, ambako kila kitu kimegeuzwa, yule mama kwenye kibanda angekuwa upande gani?

"Upande wako," Kiprono alisema. "Na wewe ndiye ungelipa. Hiyo ndiyo raha ya kubeba abiria."

"Na ungekuwa peke yako?"

"Ningeshuka, nizunguke, nipigiwe honi na Wafaransa wote."

Sikufundisha vizuri siku ile.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Kumwambia Mama Odette kulikuwa kumaliza ndoa kabla hatujajua ni nini tunachokimaliza. Kunyamaza kulikuwa kumwacha Nadège aachie kiti cha saluni kwa ajili ya mtu aliyesema yuko na Yesu tu, ilhali mkono wa mtu mwingine ulikuwa umetoka dirishani. Jumamosi nikaenda saluni. Ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya nywele zilizochomwa ncha na mafuta ya nazi, kalenda ya kanisa ukutani, na mteja mmoja aliyekuwa amelala na kichwa kwenye sinki akisubiri dawa ishike. Nadège alikuwa anasafisha vitana. Nilimweleza kwa sauti ya chini, taratibu, kama ninavyoeleza hapa: gari la Uingereza, barabara ya kulia, mashine ya kushoto.

Hakunikasirikia, na hilo lilinipa shida zaidi. Alivuta viti viwili vya wateja akavipanga sambamba, akakaa cha kulia, akashika usukani ambao haukuwepo. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto. Vidole vyake vilifika katikati ya kiti cha pili. Akainama mpaka bega likalala kwenye kiti, na bado vidole havikufika mahali ambapo dirisha lingekuwa.

"Unatafuta nini, ma chérie?" mteja aliuliza kutoka kwenye sinki bila kufungua macho.

"Tiketi," Nadège alisema.

Mteja akacheka. Nadège hakucheka. Aliinuka, akavirudisha viti mahali pake, akasogeza kimoja mara ya pili mpaka kikanyooka.

"Labda alishuka," nilisema. Nilitaka kumpa njia.

"Mvua, Yaya," alisema. "Hata tone moja."

Jumapili Mama Odette alipika ndakala, dagaa wa kwao, kwa nyanya na pilipili nyingi. Tonton Silas alifika na mkate. Nadège hakuwa amemwambia mtu. Nilijua kwa jinsi mama yake alivyokuwa akiimba jikoni. Simu ilipolia Nadège aliitia mwenyewe bakulini, akasubiri salamu ziishe, mchungaji aulizwe, hali ya hewa ilaumiwe. Ndipo akasema, kwa sauti anayoulizia kama maji yamechemka: "Trésor, ile siku ya mvua, kwa péage. Nani alichukua tiketi?"

Kwa mbali, upande wa pili, kulikuwa na televisheni, kisha mtu akaipunguza. Tonton Silas alitazama bakuli, akatazama dada yake. Nilidhani Trésor amekata. Halafu ikatoka sauti ambayo hatukuitegemea, ya msichana wa miaka kumi hivi, kwa Kiingereza cha kule, safi na yenye kujivuna kidogo. Alisema ni yeye. Alisema yeye ndiye huchukua tiketi siku zote, kwa sababu mkono wa baba haufiki.

"Ketsia," Trésor alisema. Kumbe kule nako simu ilikuwa mezani, kwenye spika, na siku zote tulipokuwa tukila, naye alikuwa pale anakula.

Mama Odette aliichukua simu kutoka bakulini, akaifuta kwa kanga yake ingawa haikuwa na kitu, akaizima. Kisha akachukua bakuli lile lile, akalijaza ndakala, akamwekea kaka yake mbele. "Kula," alisema. "Inapoa."

Tulikula. Baada ya muda Tonton Silas akasema, labda kwa kutaka kusaidia, kwamba angalau haikuwa pombe.

Wiki zilizofuata nyumba ilikaa kama nyumba yenye mgonjwa. Trésor alipiga, hakupokelewa. Alituma maneno kupitia kwa binamu yake wa kanisani, na maneno yalikuwa haya: mama wa mtoto alikufa Ketsia akiwa mdogo, binamu huyo huyo ndiye aliyemwonya kwamba akitaja mtoto asithubutu kuleta miguu Umbilo, naye Trésor akanyamaza Krismasi akidhani atasema Pasaka, na Pasaka ikapita. "Kumbe ni mimi nimedanganya," Mama Odette alisema, na binamu akaondoka bila kumaliza chai. Mimi sikuamini habari ya kufa. Ilikuwa imenyooka mno na imekuja ikiwa imechelewa. Nilimwambia Nadège kwamba nina mtu London, tuliyefanya naye kazi, anayeweza kuulizia kimyakimya. Alikuwa akinisuka wakati huo, na mikono yake haikusimama. "Yaya, wacha," alisema. "Wewe ukianza kutafuta, hautaacha mpaka upate kitu."

Alimwomba mwenye saluni muda, akapewa. Kisha nikaanza kuona kwamba Jumatano alikuwa anachelewa kurudi. Nilishuku, bila shaka. Jumatano moja nikapitia saluni kwa kisingizio cha kununua mafuta, nikamkuta kwenye chumba cha nyuma na tarakilishi ya mwenye saluni imeegeshwa juu ya taulo. Kwenye skrini alikuwa msichana mwembamba mwenye nywele zilizosimama kila upande na kitana mkononi. Nadège alikuwa na kichwa cha plastiki cha mazoezi mbele yake. Alikuwa akigawa nywele za plastiki, na kule mtoto akijaribu kugawa zake.

"Si huko. Anzia kwa sikio," Nadège alimwambia kwa Kiingereza chake cha Durban, kile cha polepole. "Kwa sikio, kuja juu. Baba yako amekufanya nini?"

Mtoto alisema baba hutumia brashi ya viatu, brashi mpya lakini ya viatu. Nadège alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ile Jumapili. Nilisimama nyuma ya pazia la shanga na chupa ya mafuta mkononi, na niliona kwamba kwenye skrini, nyuma ya mtoto, kulikuwa na mlango uliofunguka nusu. Nilikaa nikiutazama mlango ule kwa muda wote ule, nikingoja mwanamke apite. Hakupita mtu.

Mazungumzo ya mwisho niliyasikia kupitia ubao, kama nilivyosikia mengine yote. Walikuwa jikoni. Mama Odette alikuwa anatwanga sombe, na alitwanga muda wote walipokuwa wakisema, kwa hiyo maneno yalinifikia katikati ya mapigo.

"Alidanganya meza nzima," Mama Odette alisema. "Alikula hapa. Alitengeneza bomba yangu."

"Alidanganya," Nadège alisema.

"Na utaenda."

"Nitaenda, Mama. Mtoto hakudanganya. Tulimuuliza mara moja tu, na alijibu. Nitaanzia kwa ule hakudanganya."

Kinu kikasimama. Nilingoja ugomvi. Kilichofuata ni Mama Odette kuuliza kama kule Uingereza majani ya muhogo yanapatikana, na Nadège kusema hajui. Kinu kikaanza tena.

Aliondoka mwisho wa mwaka. Ndoa ilifungwa kule, kanisa dogo, picha chache. Kiti cha saluni kilichukuliwa na msichana kutoka Pinetown. Mama Odette hakwenda uwanja wa ndege. Alisema miguu inauma, na labda ilikuwa inauma kweli. Lakini asubuhi ile nilimkuta sebuleni akifunga samaki wa kukaushwa kwa karatasi za gazeti, na kwa kuwa sikuzote natazama vitu kama hivyo, niliona vifurushi ni vitatu. Viwili vilikuwa vikubwa. Cha tatu kilikuwa kidogo, na samaki waliomo alikuwa amewatoa miiba.

Mimi nilibaki Durban, nikapata kazi, nikahamia mtaa wa pili, huko huko Umbilo, na barabara ya Pietermaritzburg nimeipita mara nyingi. Nimejifunza pia kwamba mtu akishabainika kwako kwa uongo mmoja, mengine yake yote hayatulii tena. Miaka yote hii Trésor hajawahi kunifanyia kosa, na bado kila niliposikia habari zake, kazi mpya, nyumba mpya, mtoto wa pili, nilikuwa natafuta mlango ulio nusu wazi.

Walinipitia Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Trésor alishuka kunisalimia kwa mikono miwili. Amenenepa, ana mvi. Nadège alikuwa amevaa kitenge cha msiba na macho yalikuwa yamevimba. Tukakaa nyuma. Mbele kushoto alikaa msichana mrefu mwenye misuko myembamba iliyoanzia kwenye sikio na kupanda juu, mistari imenyooka kabisa. Aligeuka, akaniambia shikamoo kwa lafudhi ya kule, akasema amesikia habari zangu. Nilimtazama Nadège. Alikuwa anatazama nje.

Tulipita vilima, tukaipita Pinetown. Nilikuwa na swali langu. Nilikuwa nimelibeba miaka yote: mama yake mtoto huyu alikufa lini, wapi, nani alimzika. Mtoto mwenyewe alikuwa ameketi mbele yangu, mtu mzima sasa, na nilijua kwamba nikimuuliza atajibu.

"Uliza tu, Yaya," Nadège alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Nakusikia ukivuta pumzi."

Mariannhill ikatokea mbele. Trésor alipunguza mwendo, akachagua njia, akashusha kioo chake, kadi ikiwa tayari mkononi, na mwanamke wa kibandani akanyoosha mkono kuipokea. Na upande wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu wala mashine, ila mgongo wa kibanda cha njia ya pili, kioo kingine kilishuka. Ketsia alikuwa ametoa mkono nje, kiganja juu, akiwa anatazama mbele, anafikiria mambo mengine. Trésor aliuona. Aligeuka nusu, akamwita jina lake kwa upole, kama nilivyomsikia akilitamka siku ile bakulini.

Msichana akatazama kiganja chake. Mabega yake yakaanza kutikisika, sikujua kama ni kicheko, na Nadège akapitisha mkono kando ya kiti, akamshika bega.

Sikuuliza. Kizuizi kilipanda, tukaondoka, na ule mkono ulikuwa bado nje kwenye upepo.